Ubao Niliouinua

Mdogo wangu Abundio,

Hujambo huko ng'ambo ya bonde? Goti je, bado linakutabiria mvua? Mimi dada yako Sotera nipo, macho ndiyo yanaaga, meno yalishaaga siku nyingi. Kondoo wamezaa mapacha, ila yule jike mweusi kamkataa mwanawe, namnywesha kwa chupa. Tangu siku ya maji hujakanyaga kwangu, nami shule sikuiona, ndiyo maana nimemkalisha mkwe wangu Eufemia aniandikie. Mwandiko wake, maneno yangu.

Hali yake? Nywele zimerudi, safari hii zina mawimbi. Titi lilikwenda na kansa, hilo unajua, na dripu ziliisha kabla ya Krismasi. Ila kichwa, Abundio. Anaingia chumbani anasimama, hajui kafuata nini. Daktari kasema ni zile dawa, wengi huwafanya hivyo, si uzembe wala si wazimu, na wengi hurudi taratibu. Basi akaanza kuandika kila kitu kwenye daftari la kijani: zamu ya maji ya nani, lango kafungua saa ngapi, kafunga saa ngapi. Na huyu ndiye alikuwa msimamizi wa mfereji miaka sita, zamu za nyumba thelathini na moja zote kichwani, haandiki hata moja. Marehemu baba angemuona angesema kazaliwa ndani ya mfereji. Baba naye alivyopenda kusifu, unakumbuka yule punda wake...

Nilikuwa wapi? Maji.

Siku ile ukuta wa udongo wa ghala lako, hapo chini ya bustani yangu, ulipoyeyuka kwa mafuriko, mlikuja wote uani na masepetu yenu. Eufemia akaleta daftari, limeandikwa lango la juu kafunga saa nne asubuhi. Wewe ukasema, "Mkwe, hilo si daftari la mtu aliyemsahau mbwa wake jina?" Watu wakacheka. Yeye akalitazama, akalifunga, akasema, "Labda niliandika kabla sijafunga. Sijui tena." Nawe, kwa uenyekiti wako wa mfereji, ukamvua usimamizi papo hapo.

Tangu hapo kaacha kuendesha gari. Jiko analizima, anarudi kulitazama mara tatu. Mwanawe, mjukuu wangu, anaogopa kumwogesha, asije akamsahau majini. Na Jumamosi mnasafisha mfereji na kuchagua msimamizi, yeye kasema haji.

Sasa, Eufemia mwanangu, hili liandike kama lilivyo, usiruke.

Alifunga. Nilimwona kwa macho yangu. Ilipofika saa saba, zamu si yangu, pilipili zangu zimekunja majani, nikasema kidogo tu. Nikauinua ubao wa lango, nikarudi kivulini kumenya mbegu za misonobari, usingizi ukanibeba. Kuamka, maji yameshapita bustani, yamefika ghalani kwako. Nikaushusha ubao, nikabadili viatu. Mlipofika nilikuwa na viatu vikavu, Abundio, na mdomo mkavu.

Niliona kuitwa mwizi wa maji, kwa umri wangu, ni aibu ya kuzikwa nayo. Nikajiambia yeye mgonjwa, mgonjwa husamehewa. Kumbe dawa zilimchukulia kidogo, mimi nikamchukulia kilichobaki.

Kalamu imesimama. Ananiambia nirudie. Nimerudia. Anauliza hivyo viatu viko wapi. Nimemwambia chini ya kitanda, tope limekaukia humo. Kaenda kuvitazama. Sasa karudi, kachukua kalamu. Nami sithubutu kumwomba msamaha kwa mdomo wangu huu, nimeona niuweke kwanza kwenye karatasi hii, nawe uuone.

Jumamosi isome barua hii mbele ya watu, wote, hata wa nyumba ya mwisho. Nitakuja na viatu vile. Ukuta wako nitaufyatulia matofali kadiri mikono inavyoweza.

Nisalimie mkeo, na kuku wake wale wakorofi. Mungu akuweke.

Ni mimi dada yako, nimeweka dole gumba,
Sotera

Mjomba, lango nilifunga saa nne.
Eufemia