Kadi Iliyorushwa na Gari la Baba

Kiprono ndugu yangu,

Najua huko Kericho mnanyeshewa. Huku Kariandusi jua linatuchoma na vumbi jeupe la machimbo limetujaa nyweleni. Gari la Baba limechemka tena, na tulikubaliana kwamba likichemka safari hii, unampigia simu yule mnunuzi aje alichukue.

Lilipopoa nikaliwasha, nikainama kwenye injini. Rejeta mpya, pampu ya maji mpya, na bado feni ilipoanza kuzunguka mshale wa joto ulikuwa unapanda. Mama akashuka kiti cha nyuma, akasimama mbele ya gari kujinyoosha. Leso yake ikaanza kupepea.

"Chepkoech, mbona hii gari inanipulizia?"

Nikachukua kadi hii yenye picha ya flamingo niliyokununulia Nakuru, nikaishikilia mbele ya rejeta. Feni ilipaswa kuivuta. Badala yake iliirusha vumbini, ndiyo maana flamingo wako wamekuwa weupe. Kumbe fundi aliyetuwekea feni aliunganisha nyaya kinyume, na wiki zote hizi imekuwa ikisukuma hewa nje.

Nimezigeuza, na mshale umetulia katikati. Sisi wote tulikuwa tunachungulia ndani tu. Hakuna aliyewahi kusimama pale mbele.

Mama amekataa kurudi kiti cha nyuma. Amekaa kando yangu, mahali ambapo hajakaa tangu tumzike Baba, na ameshafunga mkanda. Anasema uvae sweta, na umwambie mnunuzi atafute gari lingine.

Dadako anayekupenda,
Chepkoech