Wimbo wa Mlango

Jumapili

Sikupaswa kuuimba. Binti yangu Achieng alinionya asubuhi, "Baba, hiyo ngoma wachia vijana." Nilidhani anahurumia magoti yangu.

Lakini kwenye tamasha watu wa mtaa wa Laini Saba waliuitisha, na mimi nikiitishwa wimbo siwezi kukataa.

Niliutunga nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, baada ya mwenye nyumba wetu kule mtaa wa Lindi, hapa hapa mjini, kung'oa mlango ili tuhame. Mama alilala kizingitini siku nne, akilinda vyombo. Tulimtukana yule mzee kwa magitaa mpaka akaacha kupita njia yetu.

Leo nilipofika kwa kibwagizo, "Rudisha mlango, mzee," umati wote ukaitikia. Pale mbele nikamwona Mama Mutua, mpangaji wangu wa Kawangware. Aliimba kuliko wote, akinitazama machoni.

Wiki jana nilimng'olea mlango. Nataka kujenga ghorofa, na yeye alitaka watoto wamalize muhula kwanza.

Niliposhuka jukwaani alinipa mkono. "Baba Achieng, umeimba poa sana. Sasa wangu unarudi lini?"

Nikacheka. Kwa nini nilicheka? Mpiga besi naye akacheka, akidhani ni shabiki tu.

Mlango wenyewe uko hapa nje, umeegemea tangi la maji. Kalenda ya kanisa bado imebandikwa upande wa ndani.

Nimejiambia kesho nitaurudisha. Lakini wabomoaji wanakuja Jumanne, simu iko hapa mezani, na sijawaambia wasije.