Nimerudi Bila Dawa

Ganda, 4 Machi 2024

Mume wangu Mwaro, utamu wa moyo wangu,

Hujambo huko kambini? Vumbi la barabara mnayoijenga halijakuingia kifuani? Mimi na mama yako tu wazima. Hina ya harusi bado iko kuchani, na wewe uko huko ng'ambo ya Hola ambako simu haishiki. Mungu ambariki dereva Odera anayetubebea barua! Mto wako nimeuvalisha shati lako, ndio nalala nao.

Nina jambo, mpenzi. Nilienda kumtolea damu shangazi Zipporah, wakaikataa. Nina homa ya ini, ile ya B. Hospitalini wamenipima ini na wingi wa virusi. Daktari amesema sihitaji dawa, nirudi nyumbani, niwe nakwenda kupimwa kila miezi sita. Haipiti kwenye sahani wala kikombe. Hupita kwenye damu na kitandani. Nawe upimwe, na ukiwa huna, uchanjwe.

Wako peke yako,
Mkeo Kadzo

Kambini, 17 Machi 2024

Kadzo wangu,

Barua yako imenikuta mzima, imeniacha mgonjwa. Wamekurudisha bila dawa? Babu Kalama walimrudisha hivyo hivyo, "hana haja ya dawa, mpelekeni nyumbani," na wiki haikwisha. Usinifiche. Msimamizi amenikatalia ruhusa; nitatoroka. Tumeoana juzi tu, hata ugomvi wa kwanza hatujagombana! Chengo, tunayelala naye hema moja, anasema nalia usingizini. Mwongo. Nalia nikiwa macho.

Mumeo, Mwaro

Ganda, 30 Machi 2024

Mume wangu mjinga, mume wangu mtamu,

U mzima? Usitoroke! Mimi ni mzima, tena nimenenepa, kwa sababu mama naye ameelewa kama wewe. Tangu nirudi mikono mitupu anachinja kuku tu. Jana ameleta akina mama wa kanisa, wakaniimbia nyimbo za matanga nami namenya muhogo. Nikamwambia, "Mama, mimi sifi." Akanijibu, "Wote husema hivyo. Kula paja hilo."

Dawa ipo, laazizi. Ni kidonge kimoja kila siku, nimekiona kwa macho yangu. Hupewa yule ambaye virusi vimeanza kumwumiza ini. Vyangu vimelala, kwa hiyo vinachungwa kwa vipimo tu. Kidonge chenyewe hakiving'oi, kinavituliza, na ukishaanza huachi ovyo. Basi kurudi bila dawa ni habari njema! Nenda ukapimwe, nakubusu.

Mkeo Kadzo

Kambini, 28 Aprili 2024

Kadzo, ua langu,

Salama? Nimesoma barua yako kwa sauti, Chengo akacheka hadi akashika mbavu. Nimepimwa Hola: sina. Nimechomwa sindano ya kwanza, bado mbili. Muuguzi akaniuliza, "Mbona unatabasamu ukichomwa?" Nikamwambia, "Hii ndiyo nauli yangu ya kurudi kwa mke wangu." Likizo wanasema ni Desemba. Desemba, Kadzo! Nani aliiweka mbali hivyo?

Mumeo anayekutamani, Mwaro

Ganda, 14 Septemba 2024

Mume wangu,

Natumai u mzima. Leo sina maneno mengi matamu.

Nimekwenda kupimwa. Virusi vimeamka, ini limeanza kuumia. Daktari amesema tumewahi. Nikimeza kidonge kila siku bila kukosa, nitaishi, nitazaa, nitazeeka. Nimemwamini. Nimerudi na mkebe wa vidonge.

Mama alipouona mkebe alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio. "Wamempa dawa! Mke wa Mwaro amepona!" Wamepika pilau. Wamenifunga leso mpya. Wale wale walioniimbia matanga sasa wanacheza uani, na mama ndiye anayewaongoza, kiuno hakimuumi leo. Nitawaelezaje? Nitawaeleza kesho. Leo nimecheza nao, kisha nimeingia chumbani kukuandikia, maana hapa Ganda hakuna anayejua kwamba leo ndiyo siku ya kuniambia pole.

Wewe unajua. Nilikufundisha mwenyewe.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Mkeo, Kadzo