Baba Mdogo Ashike Mkono Badala Yangu

Rumonge, Ijumaa asubuhi

Mdogo wangu Hawa,

Assalamu alaykum, wewe na Mama na wote mlio chini ya bati letu pale Ng'ambo. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa Kigoma ilifika Tabora, au ameishia kuchulia mgongo wake mwenyewe? Na wewe bibi arusi, nasikia umenenepa. Usininunie, aliyeniambia ni Mama kwenye simu, tena kwa kujisifu.

Mimi mwili hauna shida. Nakula, nalala, nafanya kazi. Najua ulipoona bahasha badala ya kusikia sauti yangu moyo wako ulishtuka, basi nisikuzungushe.

Hawa, siji. Nimeliandika mapema ili usilitafute neno hilo mstari kwa mstari. Tangu Baba afariki mimi ndiye walii wako, na kila nilipowaza siku ya nikaha yako nilijiona nimekaa kwenye mkeka mbele ya Shabani, nimemshika mkono, namwambia nimekuozesha dada yangu. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya sauti. Sitakuwepo, na inaniuma kuliko nitakavyoweza kuandika. Nataka ujue ilivyokuwa, usije ukafikiri nimewasahau.

Wewe huwa unawaambia rafiki zako kwamba kaka yako ana ofisi Burundi. Ofisi yenyewe ni begi la mgongoni. Wafanyabiashara wa hapa walitafuta mtu wa kompyuta mpaka wakachoka. Waliosomea Bujumbura hawataki kukaa Rumonge, na wa Rumonge wakishasoma hawarudi. Ndipo Hadji Yasini, mwenye kiwanda cha mawese, ambaye ndiye msemaji wao, akawashauri waungane, wamlete fundi mmoja wa wote. Nikaletwa mimi. Basi natumika kama lile sufuria kubwa la mtaa wetu, linalotoka shughuli hii kwenda shughuli ile kabla halijakauka. Asubuhi niko kiwandani kwenye mzani wa kompyuta, ambao ukigoma wakulima wa Bugarama na Gatete wanabaki wamekalia mikungu yao ya chikichi. Mchana niko famasi. Jioni niko kwenye chumba cha baridi cha wachuuzi wa samaki. Nikimhudumia huyu, yule ananuna.

Hicho chumba cha baridi ndicho kinachoninyima raha. Umeme wa hapa unakuja na kwenda, kwa hiyo kuna kompyuta inayohamisha mitambo kutoka umeme wa mjini kwenda kwenye sola, na kutoka sola kwenda kwenye jenereta. Ikikosea, samaki wanaoza. Na nilipokuja kumzika Baba, ilikosea. Nilijaribu kuwaelekeza kwa simu, mtandao ukakatika. Wakampata fundi wa Bujumbura, naye hakuwa na petroli ya kumfikisha hata nusu ya njia, maana siku hizi petroli inatafutwa huku kama dawa ya mgonjwa. Mlipokuwa mnaniona nimeinama pale msibani, mkidhani namlilia Baba tu, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu.

Niliporudi nilikuta mukeke, hawa sisi tunaowaita migebuka, wamefukiwa shimoni nyuma ya soko. Mama Zawadi, mchuuzi wa kutoka Minago ambaye mtaji wake wote ulikuwa mle ndani, alinipa kwanza pole ya msiba. Alinishika mikono yote miwili. Kisha akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Fundi, siku ukiwa na safari utuambie mbele, tusinunue samaki." Heri angenitukana. Tangu siku hiyo wachuuzi wakawa wanapita mlangoni kwangu kila asubuhi kabla ya kwenda ufukoni, na swali lao ni moja, kama niko. Nikijibu niko, wanakwenda kununua.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kufunga begi nikaja tu. Kuja, arusi, na kurudi ni wiki nzima mambo yakienda vizuri. Niliwaambia wazee wa biashara kwamba dada yangu anaolewa na mimi ndiye walii wake. Hawakunikatalia. Hadji alisema nimtafute mtu wa kushika nafasi yangu, nikishampata niende hata mwaka mzima nikitaka. Na mtu huyo nilikuwa naye.

Anaitwa Furaha. Ni binti wa mvuvi wa Kikongo aliyevuka ziwa na wanawe zamani wakati wa vita vya kwao Fizi. Alikuja kwangu akiwa hajui hata kuwasha mashine, na ulimi wake mrefu kama wako. Nikimweleza jambo mara ya pili ananikatiza, "Ulishasema, kaka." Amejifunza mzani, amejifunza famasi, na chumba cha baridi alikuwa anakijua kwa sikio. Anasimama nje, anasikiliza mitambo, anakwambia leo kuna kitu hakiko sawa. Nilianza kulala nikiwa nimezima simu. Ndiyo maana nilikwambia kwenye simu, kwa ile furaha yangu ya kijinga, ushone gauni bila wasiwasi.

Jambo moja tu lilikuwa limebaki. Furaha alitaka cheti, wao wanaita atestasiyo, kuonyesha kwamba amejifunza na anaiweza kazi. Na hapa wenzetu wana kanuni yao. Usimchukie Hadji kabla hujasikia. Kabla yangu waliwasomesha vijana kwa pesa zao wenyewe, na kila aliyekabidhiwa cheti alipanda basi la Bujumbura kabla wino haujakauka. Wengine walivuka mpaka kabisa. Wakakaa wakakubaliana kwamba mwanafunzi afundishwe kila kitu, alipwe vizuri, lakini asipewe karatasi. Bila karatasi, walisema, hakuna wa kumchukua.

Niliwaomba. Nilikwenda kiwandani kwa Hadji wakiwa wamekaa wote, nikawaambia huyu si kama wale, mpeni. Hadji alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni akinunua kitu kwa bei ya mgeni.

"Tukimupa atestasiyo leo, kesho iko Bujumbura," alisema. "Na wewe unataka kwenda kwenu. Sasa sisi tutabaki na nani?"

Nikamjibu kwamba mkimnyima ndiyo ataondoka. Wakacheka kidogo, wakaagiza chai nyingine, mambo yakaishia hapo.

Ameondoka, Hawa. Kampuni moja ya Kigali ilimpima kwa simu ya video, wakampa kazi ya kurekebisha akiwa palepale wanamwona, akaimaliza. Karatasi hawakuiulizia kabisa. Alikuja kuniaga na kifurushi cha dagaa, akasimama mlangoni hataki kukaa. Nilimuuliza kama angebaki lau wangempa. Nilijua jibu litaniumiza, nikauliza tu.

"Ningelibaki, kaka," akaniambia. "Ile karatasi nilikuwa nataka tu nimuonyeshe papa. Aliuzisha nyavu yake juu ya masomo yangu, na mpaka leo anauliza iko wapi. Nikaona hawa watu hawatanihesabia kuwa mutu."

Karatasi ya kutundika ukutani kwa mvuvi! Kwa hiyo tu ningekuwa nimekata tiketi.

Nilikwenda kumweleza Hadji. Nilitegemea nitafurahi kumwambia nilisema mimi, lakini nilipoona mabega yake yanavyoshuka sikupata raha yoyote. Akasema waandike cheti wampelekee. Nikamuuliza wapeleke wapi tena. Wakaita kikao kingine, na huko kila mmoja ana dawa yake. Mmoja anataka tuwafungishe wanafunzi mikataba ya miaka mingi. Mwingine anataka tuwafundishe watu wazima wenye nyumba na wake, eti hao hawahami. Mwingine anataka turudi kwenye mizani ya mawe. Wanafunzi wenyewe hawaji tena, kwa sababu habari ya Furaha imezunguka pwani yote hii: pale unafundishwa lakini hutambuliwi. Mimi nilikaa kwenye kona, najua hakuna hata moja litakalozaa mtu kabla ya siku yako.

Halafu Hadji akanigeukia. Aliuliza taratibu, kama aliyekumbuka jambo dogo, huyu bwana anayemwoa dada yangu anafanya kazi gani.

Hawa, wote waliweka vikombe chini wakanitazama. Unajua na mimi najua kwamba Shabani anafundisha kompyuta chuoni, na kwamba mtu mpole kama yule, mwenye arusi mbele yake na nyumba bado haijapauliwa, akiahidiwa walichoniahidi mimi angekuja mbio. Angefika, ningemkabidhi begi, ningeondoka siku hiyo hiyo. Nyinyi mngeoana kwa wakili wake, yeye akiwa huku, halafu ungebaki na simu, unauliza ametengeneza nini leo, unaambiwa mtandao unakatika. Ningesema kweli, sasa hivi ningekuwa njiani kuja kwako.

Nikasema anauza nyama.

Wakasikitika wote. Mmoja aliuliza kama ni ya ng'ombe au ya mbuzi, nikasema ya mbuzi tu. Kwa hiyo mwambie shemeji yangu kwamba akipigiwa simu kutoka Burundi, yeye ana bucha, na leo maini yamekwisha.

Nacheka ninapoandika hili, lakini usidhani kuna matumaini yaliyojificha nyuma ya kicheko. Hakuna. Nimekata tamaa. Nikiumwa hapa hakuna wa kushika, na nikiondoka kina Mama Zawadi watafukia tena samaki wao. Naomba usiniambie Mungu atafungua njia kabla ya arusi, maana Mama ameshaniambia.

Sheikh wenu alisema kama siji, uwakala wangu uandikwe kwa mkono wangu na uwe na mashahidi. Karatasi hiyo iko peke yake ndani ya bahasha, mpe sheikh hiyo tu, asije akasoma habari ya nyama. Mashahidi ni Hadji Yasini na muadhini wa msikiti wetu. Hadji alitia sahihi mara moja, akakazia kwa muhuri wa kiwanda ambao hakuna aliyemwomba. Nilimtazama anavyoupiga ule muhuri, nikaikumbuka karatasi ya Furaha. Maneno yenyewe ni haya, nataka uyasikie kwangu kwanza:

Mimi, Ramadhani bin Juma, walii wa dada yangu Mwanahawa binti Juma, nimemfanya baba yangu mdogo Athumani kuwa wakili wangu, amwozeshe kwa Shabani kwa mahari waliyopatana. Nami nimeridhia.

Mwambie Shabani asishtuke, mikono ya baba mdogo hutoka jasho. Na wewe ukiulizwa ndani kama umekubali, usichelewe kujibu kwa aibu za kuigiza. Kubali kwa sauti, nitakuwa najaribu kusikiliza.

Nisalimie Mama, umwambie asile chumvi nyingi. Nisalimie baba mdogo, akate kucha kabla ya siku hiyo. Shangazi mpika pilau aniwekee ukoko, atajua mwenyewe atampa nani. Jirani yetu fundi cherehani mpe shukrani zangu kwa lile gauni, na kanzu yangu aliyoanza kuishona mwambie aimalizie kwa kipimo cha baba mdogo.

Dereva anapiga honi, lazima nifunge bahasha. Nimekaa kizingitini ninapoandika, na wachuuzi wamepita sasa hivi na mabeseni kichwani, Mama Zawadi mbele yao. Wamenisalimia amahoro, wakaendelea kushuka ufukoni kununua. Tangu Furaha aondoke hawaniulizi tena kama niko.

Kaka yako akupendaye,
Rama