Ng'ombe Walikwenda Kulamba Chumvi

Rhonda, Nakuru
9 Agosti 2025
Mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke nyumbani

Mpendwa dada yangu Wanjugu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Micah, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya Molo kimekuachilia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hujua mvua kabla ya redio.

Barua yako niliipata. Nilifurahi kusoma kwamba mumeo amependekezwa kuwa mwenyekiti wa ushirika wa maziwa. Kisha nikasoma kwamba mtu alisimama mkutanoni akasema mtoto wa Kipngetich hawezi kuaminiwa, kwa sababu baba yake alijua moto unakuja. Niliiweka karatasi chini. Maneno hayo ni yangu.

Unaikumbuka siku ile ya 1992, pale uwanja wa kanisa. Nyumba zetu zilikuwa zimechomwa siku mbili kabla, katika zile ghasia za makabila. Wewe ulikuwa umetoka kwa wakwe zako na kibuyu cha maziwa ya kumletea mama. Watu wakaniita: "Haya Profesa, wewe unayesoma, tueleze." Nami nikaeleza. Jumanne, jirani yetu Kipngetich, baba mkwe wako, alihamisha ng'ombe wake wote. Alhamisi tukachomewa. Mtu hahamishi mifugo bila sababu, basi alijua. Wote wakaitikia.

Ni wewe peke yako uliyesema, "Gathogo, wewe unajua magazeti. Ng'ombe huwajui. Walienda bondeni kulamba chumvi."

Nikajibu, "Huyo sasa anaongea kama mke wa kule."

Wakacheka. Ukaondoka bila kumwaga yeyote, hata mama.

Kipngetich alihojiwa, akaachiliwa, lakini jina lake halikuachiliwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilijua. Kwa miaka minane, kila mwezi, ng'ombe hao walipita katika shamba letu wakienda kwenye ule udongo wa chumvi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafungulia lango. Jambo hilo lilikuwa kichwani mwangu nilipokuwa nikisema. Nililiacha nje kwa sababu lingeharibu hoja, na hoja ilikuwa imenyooka vizuri, na watu walikuwa wakinisikiliza kimya. Sikuwa na kitu kingine. Hata vitabu vyangu vilikuwa vimeungua.

Hapa plotini, kwenye vyumba vya kupanga, wapangaji wenzangu huniletea ugomvi wao. Mwezi jana Owino alishikilia kwamba Adongo amemwibia sufuria kubwa, kwa kuwa ni Adongo tu aliyeshinda nyumbani siku hiyo. Nikamwuliza sufuria inaweza kutoka kwa njia gani nyingine. Akafikiri, akakumbuka mkewe aliipeleka matangani. Adongo akacheka hadi akakaa chini: "Mzee, wewe hukosei kamwe!" Nikaingia ndani, sikula.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Ni maelezo haya haya, pamoja na yale ya lango, na sahihi yangu. Isomwe mkutanoni kabla ya kura, na isomwe yote.

Umeniomba nirudi nijenge kwenye robo eka ya baba. Nimezipima sababu zangu za kukataa: goti, baridi, uzee. Lakini ni saa moja na nusu tu kwa gari kutoka hapa, kwa hiyo hakuna hata moja inayosimama. Sababu ni kwamba Kipngetich alizikwa mwaka juzi, hatua chache kutoka lango lile, na katika miaka yote hiyo sikumwendea na neno hata moja.

Nisalimie Micah, kama atakubali salamu zangu. Msalimie binti yako Chepngeno na watoto wake, ambao siwajui kwa sura. Mungu awape mvua ya kutosha, na awape kulala bila kusikiliza nje.

Robo eka ile, ondoeni uzio wa upande wa bonde, ng'ombe wa Micah wapite. Mimi sitarudi.

Kaka yako akupendaye, ingawa nimechelewa kuuonyesha upendo huo,
Gathogo