Kwa Mama Mdogo, Kuhusu Video Uliyowapelekea Walimu

Mpendwa mama mdogo,

Naiandika barua hii wazi, asomaye na asome, kwa sababu ulichonifanyia kilifanyika mbele ya watu wote. Najua hupendi mambo ya nyumbani yatoke nje ya ua. Hata mimi sipendi. Lakini si mimi niliyeanza.

Nianze na Jumamosi zetu, maana ndizo zinazoniuma zaidi. Ulikuwa unafundisha darasa la nne hapa Kasongo, nami nilikuwa sekondari, nasomea ualimu. Uliishi nasi kwa mama, dada yako, tangu nikiwa mdogo, na kitanda chako kilikuwa karibu na changu. Kila Jumamosi baada ya kufua tulikwenda nyuma ya uwanja wa mpira, mahali ambapo rezo ya simu hufika vizuri, tukakaa juu ya matofali ya ile nyumba isiyomalizika. Wewe ulishika simu, mimi nilishika kaye, daftari langu, na kalamu. Kundi lenu la WhatsApp lilikuwa na walimu wa Kasongo, Wamaza, Lusangi na Nyangwe, wengi wao hawajawahi kuonana. Walituma masomo yao kwa sauti, nami niliandika walichosema, ili Jumatatu walimu wasio na simu wapate kusoma.

Sijawahi kukuambia jinsi nilivyozipenda zile saa. Mimi ambaye mgeni akija nyumbani hujificha jikoni, niliwajua walimu wote wale kwa sauti zao. Unakumbuka Mwalimu Salumu wa Nyangwe alivyorekodi kasia likipiga maji, akaomba kila mwalimu awaulize wanafunzi wake kama mtumbwi unapanda mto au unashuka? Na lile somo la kupokezana: mwalimu mmoja alianza habari za muhogo kwa dakika mbili, akasimama katikati, wa kijiji kingine akaendeleza na watoto wake, likazunguka hivyo wiki nzima mpaka likarudi kwako ulimalize. Siku Mwalimu Ramazani wa Wamaza aliposahau kuzima simu akasikika anamtuma mkewe chumvi, ulicheka mpaka ukashika tumbo.

"Andika na chumvi," uliniambia. "Nayo iko ndani ya somo."

Nikaandika.

Ni hapo juu ya matofali uliponifundisha sheria ya mikutano ya walimu. Mwalimu akishafundisha mbele ya wenzake, yeye ndiye husema kwanza. Anataja alipokosea, anaeleza kwa nini, ndipo wengine wanamkosoa. Hakuna anayefungua kinywa kabla yake. "Kosa ya mwalimu mumoja ni ya walimu wote," ulikuwa unasema, "lakini mwenye kosa anaanza." Nililiamini neno hilo. Kwa mtu mwoga kama mimi, lilikuwa kama mlango umeachwa wazi kidogo. Niliona kwamba hata mimi naweza kuwa mwalimu.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuja kufanya mazoezi ya kufundisha katika darasa lako. Nilitakiwa kueleza nusu na robo. Nilileta papai, nikalikata haraka vipande vinne, nikawaambia watoto kila kipande ni robo. Sifa, yule msichana wa benchi la mbele, akasema, "Madamu, kile kipande iko kikubwa kupita vingine."

Alisema kweli. Kimoja kilikuwa kama kiganja cha mtu mzima na kingine chembamba kama ulimi. Nilipaswa kumshukuru, nigeuze neno lake liwe swali kwa darasa zima: kama havilingani, tuviite robo? Badala yake nikamwambia anyamaze akae. Kisha sauti ikaniishia. Niligeukia ubao nikasimama pale bila neno, na darasa likanyamaza pamoja nami. Kabla ya kugeuka nilikuwa nimekuona nyuma ya darasa umeshika simu. Nilidhani unaangalia saa.

Jioni ulisema nitazoea, ukaniwekea kipande kikubwa cha samaki. Jumamosi iliyofuata ukaniambia nibaki nimsaidie mama kutwanga. Ulikwenda matofalini peke yako.

Video uliyowatumia siku hiyo ilikuwa ya dakika mbili. Chini yake uliandika jina langu na maneno haya: "Tujadili. Mwalimu huyu angefanya nini?" Walimu walijadili siku tatu. Mimi, kwa kuwa mwanafunzi, sikuwa ndani ya kundi. Wote walisema kabla yangu, na mimi sikusema kabisa. Mama mdogo, sheria uliyonifundisha hukuisahau. Uliona tu kwamba hainihusu.

Mwalimu Ramazani aliyaweka masomo yote ya kundi kwenye kadi ya memori ya simu yake. Siku moja alishuka Kasongo, akaiacha kadi kwenye kibanda cha kuchajia simu sokoni atiliwe nyimbo. Mwenye kibanda alinakili kila alichokikuta humo, kama kawaida yao, na akawatilia wateja wake pamoja na nyimbo na michezo ya kuchekesha. Ndivyo nilivyofika sokoni kabla yangu mwenyewe.

Nilikwenda kununua mawese. Mama anayeuza mafuta alinitazama, akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Eh, Madamu Robo. Leo utapima weye mwenyewe, ao tukupimie?"

"Muache, atageukia ukuta," mwenzake akasema.

"Miye siko nacheka mutoto. Niko nacheka papai."

Walicheka wote wawili, nadhani bila ubaya. Nilirudi nyumbani na chupa tupu.

Nilikukuta unasahihisha kaye za watoto. Nilikuuliza kama ulinichukua video. Hukuinua kichwa.

"Ni ya walimu tu, Aziza. Haikukuwa ya soko."

"Sasa iko soko."

"Ramazani amekosa, nitamusemesha. Lakini unajua wangapi waliniandikia? Walimu wa zamani, wenye mvi. Wanasema, hata miye nilinyamazishaka mutoto mwenye haki. Umewafundisha, mutoto. Kosa ni ya wote."

"Basi ungetuma yako."

Ulisema niende nikaangalie moto.

Sitaki kusema uongo ili nionekane nina haki. Kundi lenu lilisaidia, na ile video pia ilisaidia. Mwalimu mmoja mzee wa darasa la pili shuleni kwako, ambaye fimbo yake watoto waliijua kabla ya kujua jina lake, nilimsikia kwa masikio yangu akimwuliza mtoto mbishi, "Unaona nini miye sioni?" Hakuwahi kuuliza hivyo hapo mwanzo. Aibu yangu imezaa kitu chema, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, maana linanifunga mdomo. Nikilalamika, ni kama nawaonea choyo watoto kwa sababu hawapigwi tena.

Baadaye walikuita Kindu uwafundishe walimu wengine kuanzisha makundi kama lenu. Nilikufungia mzigo nyuma ya pikipiki, nikaukaza kamba mara mbili. Nilikuomba jambo moja, uifute ile video. Uliniwekea mkono shavuni, ukasema, "Ndiyo, imekwisha."

Wakati wa mtihani wa serikali nilisimama kufundisha mbele ya watahini. Mmoja alitoka Kindu, sikumjua. Alisoma jina langu kwenye orodha, akatabasamu.

"Ni weye wa video ya Madamu wa Kasongo. Tulikuona kwenye mafunzo. Usiogope."

Alikusudia wema. Ndivyo nilivyojua kwamba hukufuta kitu. Nilifundisha somo lote nikiangalia dirisha, kwa sauti ndogo kiasi kwamba waliniomba nirudie mara tatu. Diploma wamenipa. Sijui kama walinipa kwa somo langu au kwa huruma, na hakuna wa kumwuliza, kwa sababu mtu ambaye ningemwuliza ni wewe.

Wiki iliyopita umetuma sauti kwenye simu ya mama. Unasema video yangu imefika mbali, nijivunie. Unasema nikipata darasa mtu anirekodi tena, hata dakika tano, ili walimu waone nilivyoendelea. Nimeisikiliza mara nne nikitafuta mahali unaposema pole. Kuna jogoo anawika, kuna mtu anakuita, kuna wewe unacheka kidogo. Pole haimo.

Basi hili ndilo jibu langu. Direkta wa shule moja amenipa darasa la pili. Kwa siku kadhaa nilishindwa kumjibu. Kila nikijiona mbele ya watoto, naona simu imeinuliwa nyuma ya darasa, mkononi mwa mtu ninayempenda. Nilitaka kukataa, nibaki nauza vitunguu na mama, nisisimame tena mbele ya mtu yeyote. Lakini nilikasirika. Nilifikiri, kama nikiacha, basi zile dakika mbili ndizo zitakuwa ualimu wangu wote. Nimekubali.

Sitakutumia video. Na jina la shule sitakuambia. Najua unawajua walimu wa njia zote kutoka hapa mpaka Kabambare, na najua utauliza kwenye kundi. Uliza. Huko ninakokwenda rezo haifiki, na nimepachagua mahali hapo kwa sababu hiyo. Najua pia ninachopoteza. Nitakapokwama katika somo sitakuwa na mtu wa kumwuliza, nami nilitaka sana kujifunza pamoja na wengine. Wewe ndiye uliyenifanya nitake hivyo, na wewe ndiye uliyenifanya nishindwe.

Mama anaijua shule hiyo. Nimemwomba asikutajie. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta kwa muda mrefu bila kunitazama, maana wewe ni mdogo wake, naye ndiye aliyekubeba mgongoni. Kisha akaweka ungo chini, akasema, "Sitamuambia."

Ukae salama huko Kindu,

Mtoto wa dada yako