Mume Kwanza, Kibali Baadaye

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kushoto,
Juu ya Duka la Miwani.
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kama umesimama, tafuta kiti kwanza, ndipo uendelee kusoma. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeifungia kabatini pamoja na zile nyingine? Na macho je? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, usije ukasingizia miwani.

Sisi huku hatujambo. Nilikonda kidogo kwa wasiwasi wa miezi hii, lakini tangu juzi nakula kama mtu aliyefunguliwa kamba, kwa hiyo usihofu.

Nimeona bora nikuandikie kuliko kupiga simu. Mara ya mwisho nilikwambia tumeitwa uhamiaji, wewe ukasikia tumehama, na nasikia ukawatangazia jirani wote kwamba tuna nyumba mpya. Hatujahama, Shangazi. Tumo chumba kilekile, na jiko letu lilelile ambalo lazima ulipige kofi ndipo liwake. Ila habari niliyonayo leo ni kubwa kuliko nyumba.

Nimepata kibali. Alhamisi saa nne asubuhi tarishi aligonga mlango, nikasaini daftari lake kwa mkono uliojaa povu la sabuni. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ndogo, ngumu, yenye picha yangu nimenuna kama niliyekanyagwa. Kibali cha kuishi na kufanya kazi, miaka mitatu, kama mke wa raia. Nilikaa sakafuni palepale mlangoni, nikaisoma mpaka tarishi akaniuliza kama naumwa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe umeipata habari hii vipandevipande, na vipande vingine simu ilivila.

Kibali changu cha zamani kilifungamana na kazi. Karakana yetu, ile ya ghorofa ya nne nilikokuwa nashona mashuka na sare za hospitali, ilifungwa mwezi wa tisa. Hospitali ilianza kununua nguo zilizoshonwa tayari. Bosi, mzee wa watu, alitukusanya kando ya meza ya kukatia akatwambia, huku akijiviringishia utepe wa kupimia kidoleni, anauviringua, anauviringisha tena. Wenzangu walilia kwa sababu wamepoteza kazi. Mimi nilipoteza kazi na nchi kwa siku moja. Nilipewa siku tisini za kutafuta mwajiri atakayeniombea kibali kipya, la sivyo nifungashe.

Nilibisha hodi karakana kumi na moja. Wote walisifu mshono wangu, na wote waliposikia neno kibali wakakumbuka kwamba hawana nafasi.

Sasa nije kwa mkwe wako. Unajua kwamba ni fundi lifti na kwamba watu wote wanamwita Spana, lakini sijawahi kukueleza tulivyoanza. Ilikuwa karibu miaka miwili kabla ya karakana kufungwa. Lifti ya jengo letu iliharibika, akaja kuitengeneza, akasema itamchukua siku tatu. Mimi nilikuwa natakiwa kupandisha majora ya kitambaa kutoka chini. Siku ya kwanza alinitazama tu nikipanda na jora begani. Siku ya pili aliweka vifaa vyake chini akabeba majora sita mfululizo, kisha akarudi kwenye lifti yake. Kazi ya siku tatu ikamchukua siku tano. Bosi alilalamika, mimi sikulalamika.

Aliposikia karakana inafungwa, alikuja jioni ileile tukakaa kwenye ngazi, akaniomba tuoane. Nilimkataa. Usishangae, Shangazi. Nilikuwa nampenda, na yeye alijua. Lakini ulishaniambia kwenye simu, tena siku hiyo simu ilisikika vizuri: usiolewe na karatasi, mwanangu, karatasi haikuletei maji ukiugua. Nilihofu kwamba siku tukigombana, nitajiuliza kama alinioa kwa huruma, naye atajiuliza kama niliolewa kwa ajili ya muhuri. Nikamwambia anipe muda. Muda wenyewe sikuwa nao.

Basi nikaanza kufunga mizigo. Wakati huo nilikuwa nakaa na mpiga pasi wetu wa karakana, mama mmoja mwenye mikono mikubwa na moyo mkubwa zaidi. Kila nilichokunja yeye alikikunjua akakipiga pasi, ili mradi nichelewe.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na saba nilipokwenda kwa Spana kumrudishia koti lake. Alikuwa kazini. Mama yake alinifungulia, akaniambia niliweke koti mezani. Na pale mezani nikakuta fomu za ubalozi wetu. Ubalozi wetu sisi, Shangazi. Zimejazwa kwa ule mwandiko wake mbaya, na picha mbili za pasipoti zimebanwa juu. Kwenye sababu ya safari aliandika: kumfuata mchumba. Kwenye muda wa kukaa aliandika: kadiri nitakavyoruhusiwa, mpaka mwisho.

Nilimsubiri hadi aliporudi. Nikamwuliza ni nini kile.

"Kama wewe huwezi kukaa kwetu, mimi nitakaa kwenu," alisema. "Wanataka barua ya mwenyeji, nikaona aibu kukuomba. Mji wenu una lifti ngapi?"

Nikamwambia mbili, na moja imekufa.

"Basi hiyo iliyokufa ndiyo yangu."

Alikuwa hatanii. Alishamwambia bosi wake. Alikuwa tayari kuwa mgeni, kusimama kwenye foleni za wageni, kuulizwaulizwa kama ninavyoulizwa mimi. Hapo hofu yangu yote ikaniisha kama mtu aliyetua mzigo. Mwanamume aliyekuwa tayari kuacha kwao anifuate, huyo haniolei karatasi. Nikamwambia achane na barua ya mwenyeji, anipe jibu la swali alilouliza kwenye ngazi, maana sasa naliuliza mimi.

Tulifunga ndoa ofisi ya manispaa, chumba chenye viti vingi kuliko watu. Mashahidi walikuwa mpiga pasi na mama mkwe. Huyu mama mkwe nilikuwa namwogopa. Alifanya kazi kliniki ya meno miaka mingi, na anakutazama kana kwamba anahesabu yaliyotoboka. Mwanzoni hakupendezwa, alihofu mwanawe anatumiwa, na simlaumu. Lakini asubuhi ya ndoa alinivuta pembeni, akanirekebishia ukosi wa gauni, akasema zile fomu za ubalozi alizitandaza mezani yeye mwenyewe makusudi. Mwanawe alikuwa amezificha chini ya godoro.

Tulipeleka maombi uhamiaji zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Mwezi wa pili wakatuita wote wawili tukahojiwe.

Shangazi, mtihani wa darasa la saba si kitu. Walituketisha kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, mmoja akitikisa mguu safu nzima inatikisika, na aliyekuwa anatikisa ni mkweo, yaani mume wangu. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye pipi ya kikohozi shavuni. Alimwita Spana kwanza, halafu mimi. Mume wako anakunywa chai na sukari vijiko vingapi? Taulo zenu rangi gani? Nani anaamka wa kwanza? Nilijibu yote, tena kwa maelezo, unanijua mdomo wangu. Mara akaniuliza kama dirisha la chumbani usiku huwa wazi au hufungwa. Nikasema hufungwa.

Akaandika. Kisha akamrudisha Spana ndani, akatuketisha pamoja.

"Mmoja anasema mnalala na dirisha wazi kila siku. Mwingine anasema limefungwa kila siku. Mmoja wenu haniambii kweli."

Niliona siku zote zile, foleni zote, ndoa yetu yote inamwagika kwa sababu ya dirisha. Spana akanigeukia taratibu.

"Unafunga dirisha?"

Nikakiri. Nikamwambia nalifunga kila usiku akishaanza kukoroma, maana baridi ya huku inanipenya hadi kwenye uboho, na nalifungua alfajiri kabla hajaamka, kwa kuwa alishaniambia hawezi kulala bila hewa.

Akanikodolea macho kupitia miwani yake. "Kichwa kinaniuma kila asubuhi tangu tuoane. Nimenunua miwani hii kwa ajili ya hicho kichwa."

Nikamwambia mbona miwani imempendeza. Akasema hilo silo analoliuliza. Nikamwambia angenunua blanketi la pili tusingefika hapa. Akasema blanketi lipo, mimi ndiye ninayejiviringisha nalo peke yangu kama jora. Tukaendelea hivyo, Shangazi, tumesahau kabisa tuko wapi, mpaka nikasikia jalada linafungwa.

Yule afisa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Alipoinua uso alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Kwangu mimi ni redio," alisema. "Miaka ishirini na sita."

Hakuahidi kitu. Alisema tutajulishwa kwa barua, tukaenda zetu. Tulipofika kituo cha basi Spana akaanza kucheka, nami nikafuata. Siku hizi dirisha linakaa robo wazi, na blanketi la pili limenunuliwa.

Majuma karibu manne tulisubiri, mpaka Alhamisi hiyo. Nilipoinuka pale sakafuni nilimpigia simu Spana, haipatikani, maana ndani ya shimo la lifti simu haishiki. Nikavaa viatu nikakimbilia alikokuwa anafanya kazi, jengo la ofisi la ghorofa tisa. Na lifti, bila shaka, mbovu. Nilipanda ngazi zote tisa. Nilimkuta amesimama juu ya paa la lifti, nusu ya mwili iko chini ya sakafu, tochi kichwani. Milango ilikuwa wazi kiasi cha kiganja tu. Nikainama nikamwonyesha kadi kwenye upenyo ule. Aliimulika, akaisoma polepole midomo ikicheza. Akaomba aishike. Nikakataa, isije ikatumbukia shimoni. Basi akaushika mkono ulioishika kadi, kwa glavu yake yenye grisi, hakuuachia. Alikuwa analia, Shangazi. Mimi sikulia, nilikuwa sina pumzi.

Jumatatu naanza kazi karakana ya mapazia. Ni mojawapo ya zile kumi na moja, imekumbuka ghafla kwamba nafasi ipo. Nimemwombea na mpiga pasi, wamekubali aje tuanze pamoja.

Sasa jambo lililonifanya nikutake ukae. Kwa miaka minne nimekwambia nitakuja, sikuja. Kibali cha zamani ningetoka nacho, kurudi ilikuwa bahati nasibu. Ndiyo maana hata Baba alipofariki mwaka juzi sikuja kumzika. Nilisikia mazishi ya kaka yako kwenye simu, nimekaa chooni karakana ili wenzangu wasinione. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kwa kadi hii natoka na kurudi nipendavyo. Tumeshakata tiketi. Tunafika Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, mimi na Spana, wiki tatu nzima. Ameanza kujifunza kukusalimu. Kwa sasa anasema "shikamuu" kama ng'ombe, lakini miezi bado ipo.

Nisalimie mjomba na bega lake, wifi na watoto wote, na yule jirani mshona viatu. Mwambie viatu alivyonishonea siku ya kuondoka ndivyo vilivyopanda ngazi tisa. Mama mkwe anakusalimu sana, ameuliza kama meno yako ni ya kwako yote.

Mungu akutunze, alilainishe hilo goti, akuongezee siku mpaka uchoke kuzihesabu. Tukifika usinipikie, usiwaite watu, usinitandikie hata kitanda. Vaa viatu tu unisubiri mlangoni. Nitashusha begi, utanishika mkono, na tutakwenda moja kwa moja kwa Baba, nikamwonyeshe mkwewe.

Wako akupendaye, tena sasa kwa muhuri wa serikali,

Kasuku wako.